Vidudu vya Kisima cha Bi. Zuhura

Ganjoni, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima na za mapenzi. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, goti limetulia, na Mama amemaliza dawa za kifua kama alivyoagizwa, si kuziacha nusu chupa mara tu anapopata nafuu. Mimi ni mzima. Kinachonisumbua ni joto tu. Naoga mara tatu kwa siku na bado shati hunigandia mgongoni. Mwenye nyumba wangu, Mama Mghoi, ambaye ni Mtaita na amekaa Mombasa miaka mingi kuliko umri wangu, huniambia nitazoea. Huu ni mwaka wa tatu ananiambia hivyo.

Kaka Wafula alinipigia simu akasema masikio yako hayaelewani tena na simu, na kwamba ungependa nikuandikie kwa mkono, kwa Kiswahili kilichonyooka, kama ulivyotufundisha darasani. Akanipa na swali lako. Wataka kujua kazi ninayofanya ni kazi gani hasa, maana wazee wenzako kanisani wakikuuliza, wewe huwajibu, "Yuko Mombasa, anachunguza wadudu," kisha mnakaa kimya nyote. Nilicheka, lakini nilikuelewa. Basi nitakueleza, na nitakueleza kwa kukusimulia yaliyonipata miezi hii miwili mitatu iliyopita, ikiwemo aibu yangu mwenyewe, ambayo ni heri uisikie kwangu.

Mimi ni fundi wa maabara ya chuo. Mkubwa wangu ni Daktari Maimuna. Si daktari wa hospitali, ni wa elimu ya viumbe, mzaliwa wa hapa hapa kisiwani, mpole wa maneno na mkali wa kazi. Anachunguza visima vya Mji wa Kale. Huku, Baba, nyumba nyingi za zamani zina kisima chake uani, na misikiti vilevile. Vimechimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, na ingawa bahari iko hatua chache tu, maji ya vingi si ya chumvi. Ndani yake mnaishi viumbe vidogo visivyo na uti wa mgongo: minyoo, konokono, jamaa za uduvi walio wadogo kuliko punje ya mchele. Daktari anataka kujua ni akina nani wanaoishi wapi, kwa sababu wakazi hao ndio watoao habari za maji. Wako wanaonenepa maji yakichanganyika na ya chooni. Wako wengine ambao uchafu ukiingia, hao hutoweka kwanza.

Zamani ilibidi mtu awavue mmoja mmoja, awaweke chini ya hadubini na kuwahesabu miguu. Sisi twachota maji, twayasukuma kwenye kichujio chembamba kama karatasi, na kichujio hicho ndicho tunachokipima. Kila kiumbe huacha vitu vyake majini, ngozi, ute, kinyesi, na katika kila chembe ya vitu hivyo mna DNA yake, ile ile unayoisikia redioni watu wakipelekana mahakamani kumtafuta baba wa mtoto. Tunaitoa DNA hiyo, inapelekwa Nairobi kusomwa na mashine, kisha tunalinganisha yaliyosomwa na orodha ya viumbe vinavyojulikana duniani. Kwa njia hiyo twaweza kujua nani yumo kisimani hata kama hajaonekana kwa macho.

Sasa, hapo pa baba wa mtoto ndipo msiba wangu wa kwanza ulipoanzia.

Daktari alinituma Kibokoni, mtaa mmoja wa huo Mji wa Kale, kwenye nyumba ya mjane mmoja aitwaye Bi. Zuhura, ambaye amevuka miaka sabini. Anaishi na mwanawe Athumani, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, pamoja na mke wa Athumani, Rukia, na mtoto wao wa kike aliyekuwa na miezi miwili. Ruhusa ilikuwa imeombwa kwa Athumani kwa simu, naye alikuwa amekubali akiwa kazini, akiwa na haraka zake, na hakumwambia mtu nyumbani. Mimi hilo sikulijua.

Nilijifunga leso yangu vizuri, nikapiga hodi, nikakaribishwa uani. Bi. Zuhura alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Nikampa sabalkheri, akaniitikia vizuri, akanipungia mkono akisema, "Ndoo, mwanangu, ndoo." Nikageuka, nikaiona ndoo kando ya kisima, nikaichukua na kumpelekea kwa mikono miwili. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Rukia, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe kwa lugha yao ya Kimvita, "ndoo" ni "njoo". Nami nikacheka, nikaona nimeshakuwa mwenyeji. Nikaketi, nikafungua mkoba, na kwa furaha hiyo hiyo nikawaambia nimetoka chuoni, nimekuja kupima DNA.

Kicheko kikakatika. Rukia akamfunika mtoto kwa mtandio. Bi. Zuhura akaniuliza taratibu ni nani aliyenituma, je, ni Athumani? Mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba nimefuata taratibu. Nikajibu kwamba naam, Bwana Athumani ana habari zote, na ameshatoa ruhusa.

Baba, Rukia aliinuka, akaingia chumbani, na kilio nilichokisikia kutoka humo sijakisahau. Bi. Zuhura naye akasimama. Ni mwanamke mfupi, lakini siku ile nilimwona mrefu.

"Mwana huyu ni damu yetu," akasema. "Toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Nilipofika njiani ndipo nikagundua bado nimeshika ndoo yao.

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imeshazunguka mabaraza yote ya mtaa, kwamba Athumani amemletea mkewe watu wa DNA. Athumani aliitwa kutoka kazini, akaja mbio, naye Daktari Maimuna nilimpigia simu nikiwa nimesimama na ndoo kivulini kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Daktari aliingia yeye kwanza, akakaa kitambo kirefu, kisha nikaitwa. Nilimkuta Athumani uani, amempakata mtoto, anasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili, "Huyu ni mwanangu. Sihitaji mashine kunambia." Sidhani alikuwa akituambia sisi. Baadaye nilielezwa kwamba shangazi yake mmoja alikuwa ameshalitoa neno kuhusu rangi ya mtoto, na neno hilo Rukia alikuwa akitembea nalo tangu alipojifungua. Mimi na DNA yangu tulilikanyaga bila kujua. Nilimwomba Rukia radhi mpaka akaniambia basi, yatosha, na nirudishe ndoo.

Hapo ndipo tulipoelezwa habari ya kisima chenyewe. Athumani alitwambia tuchote upesi, kwa sababu mwisho wa mwezi fundi anakuja kukifukia na kujenga stoo juu yake. Majuma machache nyuma, Rukia alikuwa akichota maji ya kumwogesha mtoto, akaona vidudu vyeupe vikiogelea ndani ya karai. Athumani alikuwa ameingiwa na hofu. Ni mtoto wake wa kwanza. Lakini mamake hakutaka kusikia. Yeye aliletwa nyumba ile akiwa bibi arusi, na mifereji ya maji ya mji ikikauka, nayo hapa kisiwani yaweza kukauka siku nyingi mfululizo, kichochoro kizima huja na madumu yao kwake. Mama na mwana walikuwa wamefika mahali pa kusalimiana tu na kunyamaza.

Mwishowe walikubaliana mbele yetu. Ikiwa vipimo vitaonyesha ni vidudu vya uchafu, kisima kitafukiwa na Bi. Zuhura hatanuna. Ikiwa si vya uchafu, Athumani atatafuta mahali pengine pa stoo yake. Nikashusha kamba na chombo changu cha kutekea, nikachota, nikachuja, nikaweka vichujio kwenye kikasha chenye barafu. Kila kitu kikaenda sawa, au ndivyo nilivyodhani.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Daktari aliyatazama kwanza, akasikitika. Majini mlikuwa na DNA ya minyoo ya maji ya chooni, tena nyingi. Akampigia Athumani kumwarifu, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutomficha. Kisha akanipa orodha niihifadhi.

Niliisoma wakati wa chakula cha mchana, kijiko mkononi. Chini ya ile minyoo palikuwa na jina jingine, la mdudu anayeishi akiwa amejibana kwenye mawe ya mito ya bara, mito inayokwenda kasi. Unamjua, Baba, wale tuliokuwa tukiwaona tukigeuza mawe pale tulipofulia nguo, wenye mikia mitatu. Sasa Mombasa hakuna mto wa namna hiyo. Mdudu huyo hawezi kuwa Kibokoni. Nikaweka kijiko chini, kwa sababu nilijua alikotoka. Alitoka kwenye kamba yangu.

Mwezi mmoja kabla, tulikwenda bara kwenye kazi nyingine, na kamba ile ile niliishusha kutoka darajani kwenye mto unaopita chini ya mji wenye soko kubwa na mitaro michafu. Sheria yetu ni kwamba ukirudi, unailoweka kamba kwenye jiki kutwa nzima, hiyo dawa ya kung'arisha nguo, ndipo DNA ya zamani iishe. Siku ile tulichoka. Niliisuuza kwa maji, nikaianika juani, nikasema kesho nitailoweka. Kesho yake nikasahau. Na kwenye fomu, pale panapouliza kama vifaa vimelowekwa, nilitia alama ya ndiyo, nikaweka sahihi.

Nitakwambia ukweli, nilikaa na ile orodha kitambo. Hakuna aliyekuwa ameuona huo mstari mmoja. Ningeufuta, kosa lisingejulikana. Lakini kama mdudu wa mtoni aliletwa na kamba, basi hata minyoo ya chooni yaweza kuwa imeletwa na kamba hiyo hiyo, na kule Kibokoni kisima cha mtu kilikuwa kinakwenda kufukiwa kwa kosa langu. Nikainuka, nikaenda kwa Daktari, nikamweleza yote, pamoja na ile sahihi.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alisema, "Uliandika kitu ambacho hukukifanya." Nikaitikia. Akasema vipimo vya kisima kile vyote vinatupwa, na kwamba kwenda kuwaambia wenyewe ni kazi yangu, yeye hatakuja.

Nilichukua tuktuk. Nilipofika, fundi alikuwa ameshamwaga mchanga uani na mifuko ya saruji imepangwa ukutani. Bi. Zuhura alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake na kuupa ua mgongo, hataki kuona. Athumani alikuwa amesimama na fundi wakipima kwa futi. Nikawasalimu, nikasema kosa ni langu, nikaeleza la kamba kwa maneno mepesi niliyoweza kuyapata.

Athumani alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwanza ulikuja ukaitikisa nyumba yangu. Halafu mkasema maji ni machafu. Leo wasema labda si machafu. Nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini mimi," nikamwambia. "Nipe siku moja. Nije na kamba mpya, na wewe usimame hapa uone kila nitakachofanya."

Aliyejibu alikuwa mamake, bila hata kugeuka. Alimwambia fundi aende akanywe kahawa, na kahawa yenyewe iwe ya siku nyingi.

Jumamosi nikarudi. Kila kitu nilikuwa nimekiloweka kwenye jiki usiku kucha, mpaka vidole vyangu vikababuka. Kamba ilikuwa mpya, ndani ya mfuko wake, nami nikamwomba Rukia ndiye aufungue ili wote waone. Nikavaa glavu. Nikawaeleza kila hatua kabla ya kuifanya. Kwanza nikapitisha maji safi ya maabara kwenye vifaa vyangu na kuyaweka kando, yapimwe nayo, ili kama mna uchafu wangu uonekane huko. Ndipo nikachota ya kisima. Athumani alisimama mikono kifuani. Rukia aliuliza maswali, na maswali yake yalikuwa mazuri: kwa nini nachota mara tatu, kwa nini barafu, kwa nini jina la kisima liandikwe kwa penseli na si kwa wino. Mtu asiyeelewa haulizi hivyo.

Mwisho nikashusha wavu mwembamba mpaka chini kabisa, nikausubiri, nikaupandisha polepole na kuumimina kwenye kisahani cheupe. Kulikuwa na kimoja hai. Cheupe kama uzi, kikizunguka kwa miguu mingi. Nikaweka kioo cha kukuzia na kumwachia Athumani nafasi. Aliinama, akatazama muda mrefu.

"Hana macho," akasema.

Nikamwambia hana, kwa sababu wazazi wake na wazazi wa wazazi wake wameishi ndani ya jiwe, gizani, na huko macho hayana kazi. Akaita, "Mama, ndoo uone." Bi. Zuhura akaja, akaondoa miwani, akairudisha, akatazama. Halafu mama na mwana wakaanza kubishana kama kile kiumbe kina miguu kumi au zaidi, na Rukia akaniangalia akatabasamu, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa kwa wale wawili kubishana juu ya jambo lisilo na uchungu.

Majibu ya pili yalikuja wiki mbili zilizopita. Maji ya maabara yalikuwa matupu kama yalivyotakiwa. Kwenye maji ya kisima, mdudu wa mtoni hayumo. Minyoo ya chooni haimo. Aliyejaa ni yule asiye na macho, na DNA yake, Baba, haikulingana na ya kiumbe chochote kilichomo kwenye orodha. Jamaa zake walio karibu zaidi wanajulikana kutoka nchi za mbali, na hata hao ni jamaa wa mbali. Daktari anasema itachukua muda mrefu kuthibitisha, pengine wataalamu wengine wataona vingine, lakini aliposoma mstari ule aliondoka kwenye kiti, akatembea mpaka dirishani, akarudi, akausoma tena. Kisha akaniambia twende Kibokoni sote wawili.

Aliwaeleza kwa uangalifu. Viumbe kama hao kwa kawaida hawastahimili maji yaliyooza, na hiyo ni dalili njema, lakini dalili njema si ruhusa ya kunywa. Vipimo vya kawaida vya vijidudu vya maradhi vilionyesha kwamba maji hayo lazima yachemshwe, na ya kumwogeshea mtoto pia. Bi. Zuhura akashangaa. "Nani ayanwaye? Hayo ni ya kukoga na kufulia." Athumani aliuliza maswali yake yote mpaka yakaisha. Halafu akamwita fundi, na ile saruji ikatumika kukijengea kisima ukingo mpya na kifuniko chenye mlango, ili mtoto akianza kutambaa asije akatumbukia. Stoo itajengwa darini.

Mimi je? Daktari aliniandikia onyo, na nililistahili. Siku hiyo hiyo akanipa kazi ya kuwafundisha mafundi wengine namna ya kusafisha vifaa, akasema hakuna atakayeifundisha vizuri kuliko mimi. Mkataba wangu umeongezwa miaka miwili. Basi hiyo ndiyo kazi yangu, na ukiulizwa tena kanisani, waambie binti yako anasoma majina ya viumbe kutoka kwenye maji, na wakikuuliza zaidi, wasomee barua hii, ila uruke pale pa sahihi kama utaona haya. Mimi sitakasirika hata usiporuka.

Liko moja la mwisho. Utafiti unataka kisima kile kichotwe kila mwezi kwa mwaka mzima, na mtu wa kuchota awe mwenyeji. Rukia alimaliza kidato cha nne na alama nzuri za sayansi, kisha akaolewa. Nililitaja jina lake kwa Daktari, Daktari akaenda kumwuliza, na Athumani akasema hilo ni la mwenyewe kujibu. Akajibu. Jumatatu iliyopita ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Bi. Zuhura alimshika mtoto. Rukia alivaa glavu, akaifungua kamba, akachota mara tatu, akachuja, akaweka vichujio kwenye barafu. Alipofika kwenye fomu, akaisoma yote kutoka juu hadi chini kabla ya kuweka alama hata moja. Kisha akaweka sahihi yake, akanipa kalamu, akasema, "Nimemaliza." Nilitafuta kosa la kumsahihisha, nikalikosa.

Nisalimie Mama, mwambie leso aliyoagiza nimeipata, ya rangi ya zambarau kama alivyotaka. Msalimu Kaka Wafula, mpeleka ujumbe wetu, na mkewe Jentriksi, asiache kuniombea. Salamu kwa Shangazi Nekesa anayekuletea maziwa, na kwa mdogo wangu Simiyu, mwambie hesabu zake nataka kuziona nikija. Mzee wa kanisa naye, na kila atakayekuuliza juu yangu.

Lala salama, Baba, na uliangalie hilo goti. Nimekuandikia kwa mkono, na nimesoma mara mbili kutafuta makosa ya sarufi. Ukiyaona niliyoyaacha, yapigie mstari mwekundu uniletee.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Nasimiyu